Nani alifika Tabora kwanza, na katika njia ya namna gani

Sidi Mubarak Bombay aliitembea njia ya kutoka pwani hadi Unyanyembe na misafara minne ya Wazungu. Mwaka 1857 alikwenda na Burton na Speke, mwaka 1860 na Speke na Grant, mwaka 1871 na Stanley, na mwaka 1873 na Cameron. Alikuwa mtu yule yule: Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Unguja akiwa huru. Mwanzo wa safari ulikuwa Bagamoyo au Kaole iliyo jirani yake, na mwisho ulikuwa Kaze au Kwihara, pembeni mwa Tabora ya leo.

Lakini matokeo hayakulingana hata kidogo. Burton aliondoka mwishoni mwa Juni na kufika Novemba 7, safari ya zaidi ya miezi minne. Speke na Grant waliondoka mwanzoni mwa Oktoba na kufika mwishoni mwa Januari 1861, karibu miezi minne. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 21 akaingia Kwihara Juni 23, miezi mitatu na siku mbili. Cameron aliondoka mwishoni mwa Machi, majira yale yale ya Stanley, lakini hakufika hadi Agosti.

Vitabu vingi huzieleza tofauti hizi kwa tabia za viongozi. Stanley alikuwa mkali na alikuwa na fedha za gazeti la New York Herald. Burton alikuwa mgonjwa. Cameron alikuwa na subira kupita kiasi. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaanza katikati. Wanaochambua mbio za farasi wamekwisha kujifunza, tena kwa kupoteza fedha nyingi, kwamba matokeo hayasomeki mpaka ijulikane ardhi ilikuwaje siku hiyo. Naamini historia ya njia ya misafara ingeandikwa vizuri zaidi kama tungeisoma kwa macho hayo.

Tuchukue mfano mmoja wa farasi. Oktoba 2007, Curlin wa Marekani alishinda mbio kubwa za Breeders' Cup Classic katika uwanja wa Monmouth Park, New Jersey, mvua ikiwa imeugeuza uwanja kuwa tope. Machi 2008 alishinda Dubai World Cup kwenye udongo wa Nad Al Sheba. Oktoba mwaka huo huo alirudi kutetea Classic yake, safari hii katika uwanja wa Santa Anita, California, uliokuwa umewekwa mchanga wa kutengenezwa uliochanganywa na nyuzi. Akawa wa nne. Mshindi alikuwa Raven's Pass, farasi aliyefunzwa Uingereza na aliyezoea kukimbia kwenye majani. Mtu anayetazama orodha ya washindi peke yake atasema Curlin alishuka kiwango. Anayetazama ardhi atasita kusema hivyo.

Wachambuzi hutenganisha mambo mawili ambayo msikilizaji wa kawaida huyachanganya. La kwanza ni hali ya uwanja: mkavu, laini, mzito, wa tope. Hali humpata kila farasi aliye uwanjani, ingawa kila mmoja huipokea kwa namna yake, maana yupo mwenye kwato pana na yupo mwenye mwendo mrefu unaohitaji ardhi ngumu. La pili ni upendeleo wa uwanja, yaani sehemu moja ya njia kumfaa mkimbiaji kuliko nyingine. Huko Chester, Uingereza, uwanja ni mdogo na una kona kali, hivyo farasi aliyepangiwa nafasi ya ndani huwa na faida inayojulikana na kila mtu, kwa sababu wa nje huzunguka masafa marefu zaidi. Kwingine mvua hutuama upande mmoja na kuacha upande wa pili mgumu. Farasi aliyeshinda akiwa upande mzuri hupunguziwa sifa, na aliyeshindwa kidogo akiwa upande mbaya huongezewa. Hiyo ndiyo kazi ya uchambuzi.

Tabora haina historia ya mashindano ya farasi, na sababu yenyewe iko ardhini. Nairobi ilikuwa na mbio za farasi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na uwanja wa Ngong umekuwepo tangu 1954, kwa sababu nyanda zile za juu zina baridi na hazina mbung'o. Miombo inayoizunguka Tabora ni nchi ya mbung'o. David Bruce alipoonyesha huko Zululand mwaka 1895 kwamba ugonjwa wa mifugo uitwao nagana huletwa na vijidudu vinavyosafirishwa na inzi huyo, alieleza jambo ambalo wafugaji wa ukanda huu walilijua zamani kwa kupoteza mifugo. Farasi ndiye huanguka haraka, ng'ombe humfuata, punda huvumilia zaidi ila naye ana mwisho wake. Kuna pia ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, na huo hushamiri mvua zinaponyesha.

Stanley alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walikufa Kingaru, kijiji kilicho mwendo wa siku chache tu kutoka Bagamoyo, kabla hata ya kuliona vumbi la Ugogo. Alipompasua wa kwanza alikuta minyoo tumboni, kwa hiyo si haki kuwatupia mbung'o lawama yote. Akamzika, na mkuu wa kijiji akamdai faini kwa kufukia mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Punda 27 wa safari yake nao walipukutika njiani, wengi baada ya tope la Mkata.

Wamisionari wa London Missionary Society walifanya kosa ambalo mchambuzi wa mbio angelitambua mara moja. Mwaka 1876 Roger Price aliswaga maksai wachache kutoka pwani hadi Mpwapwa na kurudi, akiona kama magari ya kukokotwa na ng'ombe yangefaa. Akaridhika. Mwaka uliofuata msafara mkubwa ukaondoka na magari yake, na ng'ombe wakafa wengi kiasi kwamba mpango mzima ukaachwa na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Nagana haiui siku ya kuumwa. Mnyama hukonda kwa wiki kadhaa kabla ya kuanguka, hivyo jaribio la kwenda na kurudi upesi haliwezi kukuambia habari za safari ndefu iliyobeba uzito. Ni sawa na kumpima farasi kwa mita 1,000 kwenye uwanja mkavu kisha kumtabiria ushindi wa mbio ndefu kwenye tope.

Miaka miwili baadaye Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma tembo wanne wa India, waliofunzwa kazi, wakapandishwa bara kuelekea Ziwa Tanganyika. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1916, majeshi ya wapanda farasi wa Afrika Kusini walipopenya hadi Kondoa Irangi katika mvua za Aprili, farasi wao walikufa kwa maelfu, na serikali ya Kiingereza ikarudi kwenye jibu la siku zote la nchi hii, nalo ni wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la jeshi hilo la wabeba mizigo. Kwa miaka hiyo yote, kila mnyama aliyeingizwa katika njia hii alishindwa na mtu aendaye kwa miguu akiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 30.

Sasa turudi kwa watu, tuitazame njia vipande vipande, kwa sababu haikuwa njia moja.

Kipande cha kwanza ni tambarare ya Mkata na bonde la Mkondoa, kati ya Morogoro na Mpwapwa. Kiangazi ni nchi ya majani makavu, mtu anaivuka bila kuikumbuka. Masika hugeuka ziwa la tope. Stanley, aliyeondoka na msafara wake wa mwisho Machi 21, aliingia humo mvua zikiwa zimepamba moto. Punda walikwama, wakashushwa mizigo na kuvutwa, watu wakashikwa na kuhara damu na homa, na yeye mwenyewe akatoka akiwa amedhoofika vibaya. Cameron alipita hapo hapo katika masika ya 1873, na mwenzake Robert Moffat, jamaa wa mpelelezi Livingstone, akafa kwa homa mwezi Mei. Burton alipita kiangazi, akapata ardhi kavu.

Tukiishia hapo tutasema Burton alipendelewa na njia na Stanley alionewa. Lakini mbele ya Mkata kuna Marenga Mkali, Ugogo na Mgunda Mkali, na huko hesabu inageuka. Tatizo la nchi ile ni ukame. Visima na mabwawa ni machache, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo mrefu. Misafara ililazimika kufanya tirikeza, kwenda mchana wa jua kali hadi usiku, kulala bila maji na kuendelea alfajiri. Mvua ile ile iliyomzamisha Stanley Mkata ndiyo iliyojaza mabwawa ya Ugogo. Aliingia Ugogo mwishoni mwa Mei, na kuvuka Mgunda Mkali mwezi Juni, maji yakiwa bado yapo na mavuno yameanza kuingia ghalani. Burton alifika Ugogo mwishoni mwa Septemba na kuitembea Oktoba, mwisho kabisa wa kiangazi, mabwawa yamekauka na vyakula vimepanda bei. Speke na Grant walikuta mabaya mawili kwa pamoja: njaa Ugogo mwezi Novemba, kisha mvua kubwa Mgunda Mkali mwezi Desemba, na wapagazi wakawatoroka kwa wingi kiasi cha kukwama porini na mizigo bila wabebaji.

Hapo ndipo naona ufunguo wa jambo lote. Njia ya Tabora haikuwa na msimu mmoja mzuri tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na nusu ya mashariki inayotaka ukavu na nusu ya magharibi inayotaka maji, na kila tarehe ya kuondoka ilikuwa chaguo la wapi uumie. Stanley aliumia mapema akiwa na watu wenye nguvu, posho kamili na punda wengi wa kupoteza. Burton aliumia mwishoni, punda wake wapatao 30 wakiwa wamekwisha kupungua sana na watu wamechoka.

Tena kulikuwa na upendeleo wa nafasi ndani ya msafara wenyewe. Njia ilikuwa kijia chembamba cha mtu mmoja, kinachopinda kila penye mti ulioanguka. Mbele alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia, aliyethubutu alitozwa faini. Watu mia wakipita juu ya udongo mbichi kwa mstari mmoja, wa kwanza anakanyaga ardhi na wa mwisho anakanyaga uji. Kwenye dimbwi la maji ni vile vile: wa kwanza wanateka maji, wa mwisho wanachota tope walilolikoroga wenzao. Ndiyo maana wagonjwa na wazito, waliokuwa nyuma tayari, walizidi kubaki nyuma. Anayesoma shajara za wasafiri ataona lawama tele juu ya "wavivu" wa mkiani. Wengi wao walikuwa wakiitembea njia mbaya kuliko ile ya waliokuwa wakiwalaumu.

Stanley mwenyewe anatupa jaribio zuri bila kukusudia, kwa sababu aligawa watu wake katika misafara mitano. Wa kwanza uliondoka Februari 18, wa tano Machi 21. Bidhaa zilikuwa za aina ile ile na tajiri alikuwa mmoja. Kama hali ya njia ingekuwa kila kitu, waliotangulia kabla ya masika wangefika wote mapema kwa raha. Msafara wa tatu, uliokuwa chini ya Mskoti William Farquhar, uliondoka Februari 25 na bado ukazorota mpaka Stanley akaukuta njiani. Kiongozi wake alikuwa mgonjwa na mali ilikuwa imetapanywa. Jaribio hili linatuwekea mpaka. Ardhi nzuri haimwokoi msafara ulioongozwa vibaya, na Cameron, aliyetumia majira ya Stanley lakini akapoteza wiki nyingi akiwasubiri wenzake, ni ushahidi wa pili. Uchambuzi wa njia haufuti sifa wala kosa la mtu. Unalipima tu kila moja kwa kipimo chake.

Upendeleo mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haukutoka mbinguni wala ardhini. Uliwekwa na watu. Wagogo walishika maji machache ya nchi yao, na anayetaka kunywa alilipa hongo. Msafara mkubwa wenye marobota ya kitambaa cha merikani na shanga ulidaiwa zaidi, na majadiliano ya siku mbili tatu kwa kila mtemi yaliweza kula faida yote ya mwendo wa haraka. Wageni waliona ni unyang'anyi. Mimi naona ni bei ya maji katika nchi kavu, ikitozwa na wenye maji.

Na magharibi ya Tabora alikuwapo Mirambo. Mwaka 1871 mtemi huyo wa Urambo aliifunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, akawapiga Waarabu wa Unyanyembe pamoja na Stanley aliyejiunga nao, na mwezi Agosti akaichoma Tabora yenyewe. Vita havikutulia hadi 1875. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo, ndipo akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Katika lugha ya uwanja wa mbio, upande wa ndani ulikuwa umefungwa, na kila mwenye shehena alisukumwa kwenye mzunguko mrefu wa nje. Mtu akilinganisha siku za Tabora hadi Ujiji za mwaka 1858 na za mwaka 1871 bila kumtaja Mirambo, analinganisha njia mbili tofauti zenye jina moja.

Nimewataja Wazungu kwa sababu wao waliandika tarehe. Lakini hodari wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, na uhodari wao ulikuwa katika kalenda. Walivuna, wakaweka chakula cha nyumbani, wakafunga pembe na mizigo, wakashuka pwani kiangazi kikiwa kinaanza. Bonde la Mkata walilikuta kavu. Ugogo walipita wakati chakula kipo na maji hayajakwisha. Walijitahidi kurudi Unyamwezi kabla ya mvua za Novemba, wakati wa kushika jembe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, amewaonyesha kuwa wafanyakazi wa ujuzi wenye desturi, masharti na heshima ya kazi yao, tofauti kabisa na picha ya kundi la kuswagwa. Walipotoroka msafara wa Speke mwezi Desemba, waliandikwa wasaliti. Tazama mwezi wenyewe: mvua imeanza, mashamba nyumbani yanangoja, chakula cha msafara kimekwisha, na mwajiri anataka waingie pori lililofurika. Mtu anayeijua njia hakupaswa kuwa hapo mwezi huo, na wao waliijua.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku na mbung'o hakuwa tena na mnyama wa kumuua njiani. Tope halikuondoka. Reli ilipitishwa katika bonde lile lile la Mkondoa, na mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliibomoa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni za kwenda Tabora na Kigoma zikasimama kwa miezi. Waliosafiri kati ya Dar es Salaam na Kigoma miaka hiyo wanajua maana yake: gunia la muhogo au dumu la mawese kutoka Kigoma lilipata bei nyingine kabisa kwa sababu ya mto ulio mamia ya kilomita kutoka linakouzwa. Mfanyabiashara aliyefilisika msimu ule hakuwa mzembe kuliko jirani yake aliyetumia barabara ya Mwanza. Alikuwa upande mbaya wa njia.

Leo reli mpya ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora, na njia kuu ya zamani ya misafara imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia tangu 2006. Pale Kwihara tembe alimokaa Livingstone ni makumbusho, na wanafunzi hupelekwa kusomewa tarehe za kufika na kuondoka kwa wageni. Ombi langu ni kwa wanaosimamia makumbusho hayo na kwa waandishi wa vitabu vya historia vya shule. Kando ya kila tarehe ya kufika, andikeni mwezi wa kuondoka, mvua zilikuwaje, nani aliifunga au kuifungua njia, na watu wangapi walibeba mizigo. Na katika safari zote nne, za 1857, 1860, 1871 na 1873, liandikeni jina la Sidi Mubarak Bombay.